Mashudu Yalinipeleka Dodoma

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kando ya redio ya Raheli, kikombe cha chai mkononi, bajeti ya Serikali ikisomwa kutoka Dodoma. Ghafla nikasikia maneno yangu. Sisemi maneno yanayofanana na yangu. Yangu kabisa, niliyoyatamka kwa mdomo huu huu. Chai ilinimwagikia mguuni na sikusikia moto.

Kama unaanza kusoma leo, mimi ni Dorkas, Mama Peniel wa Mtinko, Singida. Nina mashine ya kukamua alizeti. Niliinunua baada ya kuuza ng'ombe alioniachia marehemu baba, na siku ya kuisajili nikaiandikisha kwa jina la mume wangu, Hezekia. Wasomaji wengi mmenitumia ujumbe wa kunitukana kwa jambo hilo. Tukaneni tu. Kwetu mke mwenye adabu haandikishi mali kwa jina lake mume akiwa hai. Watu watasema anamsubiri afe.

Sasa hayo maneno.

Huku kwetu mkulima akileta alizeti mashineni halipi fedha. Atazitoa wapi, na mavuno ndiyo kwanza yametoka shambani? Tunamkamulia, anabeba mafuta yake, anatuachia mashudu, yaani yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Tunayauza kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe, na hiyo ndiyo riziki yetu. Aliyeleta mashine ya kwanza Mtinko alianza hivyo, nasi tukafuata.

Mwezi wa tatu uliitishwa mkutano mjini Singida, wafanyabiashara waseme kero zao za kodi kabla bajeti haijaandikwa. Shemeji yangu Chediel, kaka mkubwa wa Hezekia na mwenyekiti wa chama chetu cha wakamuaji, akaja nyumbani. Nikamchinjia jogoo. Alikula mpaka akafyonza mifupa, kisha akanawa na kusema aliyokuja kusema.

“Shemeji, wewe una mdomo. Sisi wanaume tukisema wanadhani tunakwepa kodi. Nenda ukawaeleze ukweli wote, usifiche kitu.”

Nikaenda. Kero yetu ilikuwa kwamba tunakadiriwa kodi kwa mafuta yanayotoka mashineni, kana kwamba ni yetu. Nikawaeleza taratibu, kama mtu anavyomweleza daktari wake. Mafuta si yetu, ya mkulima. Sisi tunapokea mashudu kama malipo ya kukamua. Watu wakapiga makofi, na bwana mmoja mwenye tai akaandika kila neno. Nilirudi Mtinko nimeinua shingo.

Na siku ya bajeti redio ikasema kuanzia mwaka mpya wa fedha itatozwa kodi kwa wenye mashine “wanaopokea mashudu kama malipo ya kukamua”. Hata hilo “kama malipo ya kukamua” ni langu. Ule mzigo wa mafuta hakuna aliyeugusa. Niliomba wanitue wa kichwani, wakanibebesha na wa mgongoni.

Raheli akazima redio. Raheli ni mjane wa Kinyiramba, mashine yake iko ng'ambo ya uwanja wa mnada, na kwa kawaida haishiwi maneno. Siku hiyo aliniuliza kitu kimoja tu, kama ni mimi niliyewaambia. Nikasema ni mimi. Akaketi chini.

Niliumia, sitaki kudanganya. Niliiamini Serikali, nikaifungulia mlango, nikaionyesha mpaka chungu kilipo. Nayo ikaondoka na chungu.

Lakini hilo la Serikali lilikuwa mwanzo tu.

Kesho yake chama kikakutana kwenye banda la mashine ya Festo. Watu walikuwa wamevimba. Festo, ambaye nilimuuguzia mkewe alipojifungua, alisimama akinielekezea kidole na kuuliza ni nani alimtuma huyu mama akatoe utumbo wetu hadharani.

Mimi wala sikuhangaika. Nilimtazama Chediel, nikasubiri aseme. Mwenyekiti si yupo? Aliyenituma si ndiye huyo?

Chediel alivua kofia, akajifuta upara, akaivaa tena.

“Hakutumwa na mtu,” akasema. “Alikwenda kwa hiari yake.”

Jamani. Mtu amekula jogoo wangu.

Nikageuka kumtafuta Hezekia. Alikuwa ameketi karibu na mlango. Usiku ule wa jogoo tulikuwa naye meza moja, paja alilila yeye. Nikamwita kwa jina, nikamwomba awaambie watu alichokisikia. Alikuwa anaangalia viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na mtu akinyamaza mahali kama pale, watu hujaza wenyewe.

Wakapitisha kwamba mimi nimejitenga na chama, hivyo chama nacho kinitenge. Asiniazime mtu kitu.

Msichukulie jambo hilo dogo. Mtinko hakuna anayekamua kwa vifaa vyake peke yake. Leo mkanda wangu wa injini umekatika nachukua wako, kesho chekecheo lako limetoboka unakuja kwangu. Ukinyimwa kuazima umefungiwa mashine bila kufuli.

Nyumbani nilimchamba Hezekia mpaka kuku wakatoka jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyo, mtu mpole. Sokoni wanamwita “mume wa mashine” na yeye hucheka pamoja nao. Nilipoishiwa pumzi akasema, “Yule ni kaka yangu, Dorkas. Ningemuumbua mbele ya watu?”

Kwetu kaka mkubwa ni baba, na mtu hamvui baba yake nguo mkutanoni. Nilimwelewa. Ugali nikampa, ila mboga nilimpunguzia.

Mkanda ulikatika wiki hiyo hiyo. Wakulima wapo nje na magunia yao, injini inaunguruma, na ule mkanda umelala chini vipande viwili. Nikameza kiburi nikaenda kwa Festo. Akaniambia wake umechakaa, hauwezi kutoka. Nyuma yake ulining'inia mpya, bado una karatasi ya dukani. Niliutazama, naye akaona kwamba nimeutazama.

Niliporudi wateja wangu walikuwa wanapakia magunia kwenye mikokoteni ya punda. Hawakuniaga. Nikajiuliza wanayapeleka wapi, maana njia waliyoshika si ya kwa Raheli wala ya kwa Festo. Ilikuwa barabara ya kwenda mjini. Nikajifunga khanga vizuri nikawafuata kwa miguu.

Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ghala jipya la Chediel.

Ghala hilo tulilifahamu wote. Alianza kulijenga mwanzoni mwa mwaka na kutuambia ni la chama, tutahifadhi alizeti zetu humo. Tulishiriki hata kusomba mchanga. Sasa milango ilikuwa wazi, mzani umewekwa, na foleni ya mikokoteni imefika barabarani. Walikuwa wanauza alizeti yenyewe, haijakamuliwa, ikapakiwe kwenye lori la kiwanda kikubwa cha mbali.

Kwenye foleni nikamkuta Mzee Simeoni wa Mgori. Huyu ndiye aliyeleta gunia la kwanza kabisa siku mashine yangu ilipowashwa. Nikampa shikamoo, akaiitikia huku akitazama pembeni.

“Umenihama, baba?” nikamuuliza.

“Nitafanyaje, mwanangu? Tuliambiwa mashine ndogo zote zitafungwa, kuna kodi ya mashudu inakuja. Afadhali tuzoee kuuza huku mapema.”

“Mliambiwa na nani?”

“Si mwenyekiti wenu. Alikuja Mgori mwenyewe, siku za Pasaka.”

Nikamwomba arudie. Akarudia, siku za Pasaka, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Msomaji, Pasaka ilikuwa mwezi wa nne. Bajeti imesomwa mwezi wa sita. Chediel aliijua kodi ya mashudu wakati mimi bado natembea na shingo yangu juu nikidhani nimetuokoa. Aliijua kwa sababu alijua nimesema nini mjini, na alijua nitasema nini kwa sababu ndiye aliyenituma. Mashine ndogo zikifa, mkulima hana pa kukamulia. Atauza alizeti, na mnunuzi ni mmoja.

Mzee Simeoni akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mafuta ya kula watanunua dukani. Mtu analima alizeti maisha yake yote, leo anunue mafuta kwenye kichupa. Alisema hivyo akaona aibu yeye, na si yeye aliyestahili kuona aibu.

Chediel akatoka ghalani na tabasamu lake. Nilimsubiri akane. Ningependa akane, ningepata la kumjibu.

“Shemeji, usinitazame hivyo,” akasema. “Nilikutuma ukaseme ukweli. Kwani ulisema uongo?”

Kumbe alinituma. Mkutanoni sikutumwa na mtu, ila pale kati ya magunia, bila shahidi, nilitumwa. Akaendelea kunieleza kwa upole kwamba hana ugomvi nami, kwamba mashine imepitwa na wakati, na kwamba ghala litahitaji mtu wa kushika funguo na kusimamia mzani. Anamtaka mtu wa damu yake, si mgeni. Nikadhani anamzungumzia mmoja wa watoto wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nami nikarudi nyumbani nikidhani nimeshampata anayenila. Nguo nyingine sikuipekua.

Jioni Raheli akaja na wanawake wengine wawili wenye mashine. Nikajua wamekuja kunimaliza. Wakakaa, wakakataa chai, na Raheli akasema hivi: bajeti imesomwa lakini haijapitishwa. Alhamisi Kamati ya Bunge inasikiliza maoni ya wadau Dodoma. Amepiga simu, wamewekwa kwenye orodha ya watakaozungumza. Hakutaja jina la mtu kwa sababu hawakuwa wamekubaliana aende nani. Ameandikisha tu “mwakilishi wa wakamuaji wa Mtinko”.

“Wewe ndiye uliyeyapeleka hayo maneno,” Raheli akaniambia. “Nenda ukayarudishe.”

Nikawaeleza ya Pasaka na ya ghala. Mmoja akalia kwa hasira, maana na yeye alisomba mchanga. Raheli hakulia. Alitoa nauli waliyochangishana, imefungwa kwenye leso, akaniwekea mapajani. Akasema mashine yake ndiyo inayosomesha wanawe, kodi ikipita atazima injini mwezi huo huo, na mimi nitazima yangu. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Hezekia alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilitegemea aseme niache, nisimguse kaka yake. Badala yake akaja akaketi karibu yangu.

“Nenda, Mama Peniel,” akasema. “Safari hii useme vizuri.”

Nikalia. Kwa kila nilichopitia tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii, hapo ndipo nilipolia, kwa sababu mume wangu alikuwa upande wangu. Siku zilizofuata alikuwa anakaa nami jikoni nikijifunza maneno ya kusema. Aliniuliza nitaanza na nini, nitamalizia na nini, nitamtaja Chediel au sitamtaja. Akanisahihisha. Pale nilipokuwa nababaika akaniambia niwakumbushe kwamba mkulima wakati wa mavuno hana fedha taslimu. Nikamwambia angefaa kwenda yeye. Akacheka.

Bahati mbaya, akasema, hataweza kunisindikiza. Mjomba wake wa Sekenke amefariki, lazima akazike. Nikampa pole. Nikampa na kitu cha kupeleka msibani kutoka kwenye nauli yangu, nikasema mimi nitakula nikirudi.

Nikampigia pasi shati lake jeupe, lile la harusi ya mdogo wangu. Pasi yenyewe ya mkaa, na cheche moja ikaruka ikaacha alama ya kahawia nyuma, chini kidogo ya kola. Nilikasirika karibu nitupe pasi. Hezekia akanibembeleza kwamba haidhuru, nani atamtazama mgongoni msibani. Akaondoka Jumatano asubuhi. Nilimsindikiza mpaka kituoni.

Mimi nikaondoka baadaye siku hiyo hiyo, nikalala kwa binamu yangu Dodoma.

Alhamisi nikaingia ukumbini. Baridi ya mashine zao za kupoza hewa ilinipenya mpaka kwenye mifupa, nikajuta kuacha khanga ya pili. Nilikaa nyuma kabisa. Walizungumza wenye mabasi, wakazungumza wenye hoteli, wakazungumza wenye viwanda vikubwa, kila mmoja akieleza jinsi bajeti inavyomnyonga. Wenye viwanda walikuja na wanasheria. Mimi nilikuja na maneno niliyojifunzia jikoni, na nilikuwa nayarudia kimoyomoyo. Mkulima wakati wa mavuno hana fedha taslimu. Mkulima wakati wa mavuno hana fedha taslimu.

Simu ikatetemeka. Raheli alitaka kujua kama nimeshasema. Alikuwa amezima injini, akasema, wanawake wote wako kwake wanasubiri.

Ndipo tukaitwa. “Mwakilishi wa wakamuaji wa Mtinko, Singida.”

Nikasimama.

Na safu tatu mbele yangu, mtu mwingine naye akasimama.

Sikumwona uso. Nililiona shati, jeupe, limenyooshwa vizuri. Chini kidogo ya kola palikuwa na alama ya kahawia.

Nilijiambia kuna mashati mengi duniani na pasi nyingi za mkaa. Nilijiambia hivyo kama mara mbili. Halafu yule mtu akakohoa kabla ya kusema, na hicho kikohozi nimelala nacho tangu nikiwa msichana.

Mwenyekiti wa kikao alitutazama juu ya miwani, akauliza mbona tumesimama wawili, mwakilishi ni nani.

Hezekia hakugeuka. Alijua nilipo, alijua mpaka nguo niliyovaa, kwa sababu niliichagua mbele yake.

“Ni mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti,” akasema kwa ile sauti yake ya upole. “Mimi ndiye mwenye mashine, nayo imesajiliwa kwa jina langu. Tunaiunga mkono kodi hii, hatuna kero nayo. Huyo mama hakutumwa na mtu.”

Neno kwa neno. Kaka yake alilisema Mtinko, yeye akaja nalo Dodoma. Ndipo nikaelewa ile damu ya Chediel itakayoshika funguo za ghala ni ya nani, na kwa nini jikoni aliniuliza nitaanza na nini, nitamalizia na nini: alitaka kujua mapema nitakayosema.

Nilitaka kupiga yowe, nilitaka kukaa, nilitaka kumuuliza mbele ya wote mjomba amezikwa saa ngapi.

Mwenyekiti akapekua karatasi zake, akaona hakuna jina, kundi tu. Akavua miwani, akanigeukia mimi.

“Mama, unamfahamu huyu bwana?”

Nikisema ni mume wangu, watacheka, watasema huu ni ugomvi wa nyumbani usituletee hapa, na mwenye mashine ni yule mwenye jina. Kodi imepita. Nikisema simfahamu, nitapewa nafasi ya kuzungumza, nami nitakuwa nimemkana baba wa watoto wangu mbele ya taifa, nikiwa nimesimama katika nyumba ya kutunga sheria.

Hezekia akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya banda la Festo, akanitazama machoni.

Simu ikatetemeka tena mkononi. Ukumbi wote ukageuka kunitazama, mimi mwenye mdomo.